Vifaranga Wasio na Mama

Batula Dida alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kufuga kuku, na kwa miaka miwili ya mwanzo ndugu zake walipokuja mjini kumwona waliketi nje ya ua wake na kunywa chai yao huko huko. Hawakuwa wamekosana naye. Walikuwa Waborana wa ng'ombe, watu wa upande wa Garba Tulla, na kwao kuku alikuwa ndege tu, kiumbe cha kuparura jalalani. Kumwona dada yao, mtu mzima, akimjengea ndege nyumba na kumtafutia chakula kuliwatia haya.

Batula mwenyewe hakuwa amekusudia. Ng'ombe wa mumewe waliisha katika vurugu za miaka ya sitini, mumewe akafariki kwa homa muda mfupi baadaye, naye akaingia Isiolo na binti yake Kaltuma mgongoni. Akapanga chumba Bulla Pesa, akawa anafua nguo za watu. Kuku wa kwanza alimpata kwa jirani, mama wa Kiturkana aitwaye Nakaale, ambaye alikuwa akihamia Lodwar na hakuweza kusafiri na kuku anayelalia mayai. Nakaale alimwambia asimguse, amwekee maji na mtama tu, na watakaototolewa wawe wake. Wakatoka tisa. Batula, aliyekuwa amekaa miaka sita bila mnyama wa kuangalia, alijikuta anaamka alfajiri kuwaona.

Kaltuma ndiye aliyenisimulia mengi ya haya. Anasema mama yake alikuja mjini na kazi moja ya malishoni ambayo hakuiacha kamwe, nayo ni kutazama. Mtu mwingine humtazama mnyama anapougua. Batula aliwatazama wakiwa wazima, kila siku, ili ajue uzima wao ulivyo.

Kufikia mwaka 1975 alikuwa na kuku wa kienyeji thelathini na ushei, na mayai yake yaliliwa katika hoteli za chai za mjini na katika nyumba za wanajeshi. Hapo ndipo alipojulikana kwa bwana mifugo, kijana Mmeru aitwaye Mungania, mrefu, mpole, aliyezunguka mitaani kwa baiskeli akiwa na daftari limefungwa nyuma kwa mpira. Mungania alikuwa akiwahimiza akina mama wafuge kuku wa gredi, wale wanaotaga karibu kila siku. Vifaranga wao walitotolewa kwa mashine huko chini, upande wa Nairobi, wakaletwa kwa basi wakiwa na umri wa siku moja, ndani ya maboksi yenye matundu. Batula aliagiza hamsini.

Walifika wazuri, manjano, wakilia kwa pamoja. Aliwawekea jiko la makaa, maranda makavu na maji safi kama alivyoelekezwa. Siku ya tatu wachache walianza kusimama kando ya jiko, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Kinyesi chao kilikuwa cheupe kama chokaa, kikagandia manyoya ya nyuma mpaka njia ikaziba. Siku ya nane walibaki tisa.

Mungania alikuja akampasua mmoja juu ya gazeti, akamwonyesha ini na matumbo yalivyoharibika. Alieleza kwamba ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba kifaranga mchanga hana nguvu ya kupigana navyo. Alimpa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, akamhimiza aongeze usafi. Boksi la pili Batula alilitunza hivyo, na kweli vifaranga walisimama imara wakati wakinywa dawa. Ilipokwisha, ugonjwa ukarudi. Dawa yenyewe ilitoka Nairobi, na ofisini mara nyingi haikuwepo.

Jambo moja lilimsumbua. Katika ua uleule, wiki ileile, kuku wake wawili wa kienyeji walikuwa wametotoa. Vifaranga wao walilala chini, wakanywa maji ya tope, wakala chochote. Nao hawakuugua. Akaacha nguo za watu kwenye karai, akaketi juu ya kigoda kuanzia jua linapochomoza hadi adhuhuri, akawatazama.

Aliona kuku mama akiparura mahali alipokuwa amelala, na vifaranga wa siku mbili wakidonoa humo humo, katika mavi yake yaliyokauka. Aliona pia kwamba kila alipomwaga maji aliyosuuzia kibuyu cha maziwa, walikimbilia pale pale na kudonoa udongo ulioloa. Yalikuwa maziwa lala ya kwao, yale Waborana wanayoyaita *ititu*, mazito, ya siku nyingi, ambayo mdogo wake Molu alimletea kila Ijumaa kwa lori la wafanyabiashara wa mbuzi.

Mungania alipopita tena, Batula alimkaribisha akamweleza alichofikiri. Kaltuma anayakumbuka maneno yale kwa sababu mama yake aliyarudia maisha yake yote.

"Hawa wa boksi hawana mama," alisema. "Hawajawahi kudonoa pale amelala mkubwa. Tumbo lao ni kama nyumba mpya ambayo haina mtu. Yule anaingia wa kwanza ndiye anakaa, na huyo wa pili hapati nafasi. Mimi nataka niingize watu wazuri kwanza."

Mungania akasema, "Mama Kaltuma, miaka miwili nimezunguka mji huu nikiwaambia watu waondoe uchafu. Sasa nirudi niwaambie wawalishe?"

"Usiwaambie. Niache mimi nijaribu."

Hakumcheka. Hilo Batula alimshukuru siku zote. Alichosema ni kwamba akijaribu kwa vifaranga wote hatajua kilichowaponya au kilichowaua, kwa hiyo agawanye. Boksi lililofuata lilikuwa na sitini. Thelathini waliwekwa kwenye kizimba kimoja na maranda safi na maji. Thelathini wengine, tangu saa ya kwanza, walipewa maji yaliyochanganywa na vijiko vichache vya maziwa lala, na konzi ya maranda kutoka alipolala kuku mmoja mwekundu, mzee, aliyekuwa hajaugua hata siku moja. Mungania alikuja kila baada ya siku moja na daftari lake. Baada ya wiki mbili, upande wa maji matupu walikuwa wamekufa kumi na tisa. Upande wa maziwa, watano.

Aliwahesabu mara mbili. Kisha akasema inaweza kuwa bahati, wafanye tena. Walipofanya tena tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kumi na watano kwa wanane, lakini ilikuwepo. Akaandika barua kwa mwalimu wake wa zamani chuoni. Jibu lilichukua miezi minne. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyonakiliwa kutoka jarida la kigeni. Mungania aliisoma mlangoni kwa Batula, akitafsiri sentensi moja moja: kwamba katika nchi moja ya baridi huko Ulaya, wataalamu walichukua vilivyomo matumboni mwa kuku wakubwa wenye afya, wakawanywesha vifaranga wa siku moja, na bakteria wa ugonjwa walipoletwa wakashindwa kukaa.

Batula alisikiliza mpaka mwisho. "Na huko wana ng'ombe?" akauliza.

"Wengi sana."

"Basi wangeanza na maziwa. Si ingekuwa rahisi kuliko kupasua kuku?"

Habari zikaenea Bulla Pesa, zikafika Chechelesi, na zikafika pia Garba Tulla. Ijumaa moja Molu alishuka kwenye lori mwenyewe, kibuyu mkononi. Baada ya salamu alimwuliza dada yake kama ni kweli. Batula akakubali. Molu alisimama akakiangalia kibuyu. Watu wao hawamwagi maziwa chini, na mtu akiyamwaga kwa bahati mbaya huchovya kidole akajipaka.

"Haya maziwa ndiyo yalitulea," alisema. "Mwaka ule wa njaa mama alikuwa anatupimia kwa kijiko. Wewe unapea ndege."

"Kwa kijiko pia," Batula akasema. "Nampa anayekufa, Molu. Hata wewe ulipohara ukiwa mdogo hukupewa kitu kingine."

Molu hakubisha. Alikipandisha kibuyu kwenye lori, akarudi nacho Garba Tulla. Kwa miaka mingi baadaye alipita Isiolo katika safari zake za soko la mifugo, akamsalimia dada yake, akauliza habari za Kaltuma. Maziwa hakumletea tena. Batula akawa ananunua ya ngamia kwa Deqa, mama wa Kisomali aliyeuza karibu na msikiti, na kila alipokaribia kumaliza kibuyu aliacha kidogo chini ili yagandishe maziwa mapya.

Kuanzia hapo vifaranga wake walikua, na akina mama walianza kuja kujifunza. Hakumnyima mtu. Aliwaonyesha kiasi cha maziwa, akawaambia wayabadilishe asubuhi na jioni yasioze, akawaambia wachukue konzi ya maranda kwa kuku mkubwa mwenye afya.

Mmoja wao alikuwa Gakii, muuguzi aliyetoka Meru na kuishi Chechelesi. Mwaka 1979 Gakii aliagiza vifaranga themanini, akafuata kila neno. Walikufa wote. Hakuna hata mmoja aliyefika wiki ya pili.

Batula alipopata habari alijitanda mtandio akaenda kwa miguu. Gakii alikuwa akifagia kizimba kitupu. Akamwekea kiti na kumpa chai, maana hakuwa mtu wa kugombana. 

"Nilifanya vile uliniambia," Gakii alisema mwishowe. "Ulisema kuku mzima. Wangu walikuwa wazima. Walikuwa wanataga."

 Kaltuma, aliyekuwa msichana mkubwa wakati huo, anasema mama yake alirudi nyumbani siku ile akakaa bila kula, naye alipomsemesha alisema tu kwamba amemdanganya mtu bila kujua kwamba anadanganya.

Kesho yake alimtafuta Mungania ofisini, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mungania alimwambia kitu ambacho, kwa kukiri kwake mwenyewe, alipaswa kukisema mapema zaidi: kuku anaweza kuugua akiwa mchanga, akapona, akanenepa, akataga vizuri, na bado akawa amebeba vijidudu vile vile tumboni na kwenye mayai. Huwezi kumjua kwa macho. Kuna kipimo, tone la damu linalochanganywa na dawa juu ya kigae cheupe, na likiganda vipande vipande basi kuku huyo anavyo. Batula akamwomba alete kipimo hicho, na aanzie nyumbani kwake.

Ilichukua wiki tatu dawa kufika. Mungania alifika asubuhi, akapanga vifaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, Batula akamshikia kuku mmoja mmoja. Wengi walikuwa salama. Wawili damu yao iliganda vipande. Wa kwanza alikuwa tetea mchanga tu. Wa pili alikuwa yule mwekundu, mzee, ambaye maranda aliyolalia ndiyo yaliyogawiwa vizimba vyote.

Mungania alirudia kipimo bila kuombwa. Kikasema vile vile.

"Wale watano walikufa," Batula akasema. "Na wale wanane."

"Hatuwezi kujua, mama. Pengine wangekufa tu. Na waliobaki walipona kweli, hilo niliandika mwenyewe. Nadhani maziwa yalikuwa yanakusaidia, na huyu kuku alikuwa anakuharibia, vyote pamoja. Ulikuwa na bahati alikuwa navyo vichache."

"Gakii hakuwa na bahati."

"Hakuwa."

Alimchinja kuku yule mwenyewe, na yule tetea pia, akawachoma moto nyuma ya ua, bila kuwala. Boksi lake lililofuata lilipofika kwa basi hakulipeleka nyumbani. Alilichukua moja kwa moja hadi Chechelesi, akaligawa katikati mbele ya Gakii, akakaa naye siku ile nzima wakiwanywesha vifaranga maziwa peke yake, bila maranda ya mtu yeyote. Gakii alikuwa amekataa kupokea nusu yake mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu alienda kuleta makaa.

Walikufa sita katika nusu ya Gakii, na wanne kwa Batula. Tangu siku hiyo, kila mama aliyekuja kujifunza alisimuliwa kwanza habari za kuku mwekundu. Wengine walidhani anajishusha kwa adabu. Hakuwa anajishusha. Alitaka wajue kwamba alichokiona kilikuwa kweli na bado kikamkosesha, na kwamba maziwa hayatoshi kizimba kikiwa kichafu, au maji yakiwa ya jana. Mungania naye alibadilisha mafundisho yake. Alianza kusema usafi, kipimo, kisha maziwa, kwa mpangilio huo, na dawa ya unga akaiweka kwa ajili ya siku mambo yanapozidi.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 1984. Mvua za masika hazikunyesha, na zile za mwisho wa mwaka zilipokuja ng'ombe wengi hawakuwepo tena wa kuzifurahia. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri Molu aliingia Bulla Pesa na mkewe, Adano, wakiwa wametembea siku nyingi. Ng'ombe themanini na wawili walikuwa wamebaki watatu, na hao watatu alimwachia jamaa mmoja kwa sababu hawakuweza kusimama. Batula aliwafungulia mlango.  Aliwakaangia mayai kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Adano alikula. Molu alikunywa chai, na kesho yake pia alikunywa chai. Siku ya tatu alikula yai moja, polepole, akitazama ukuta, na dada yake akajishughulisha na sufuria ili asionekane akimwangalia.

Wiki za kwanza Molu aliketi uani tu. Hakuwa na kitu cha kuchunga. Lakini macho ya mfugaji hayapumziki, na kwa kuwa mbele yake palikuwa na vifaranga, aliwatazama vifaranga. Batula wakati ule alikuwa na shida mpya. Maziwa ya vibuyu vingine yalisaidia vizuri na ya vingine hayakusaidia, na hakuelewa kwa nini. Siku moja Molu alimwona akifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, kama walivyofundishwa na mama yao, kisha akamimina maziwa humo mara moja na kuyapeleka kizimbani kesho yake.

Alimwambia hivyo sivyo. Moshi mbichi huyazuia maziwa yasilale, na ndiyo sababu wasafiri hufukiza sana wanapotaka maziwa yakae bila kuchachuka. Kama anataka yenye nguvu, afukize kidogo, akiache kibuyu kipoe na kipate hewa, atie kianzio cha zamani, na asiyaguse kwa siku tatu. Batula alikuwa ameyajua hayo akiwa msichana. Miaka ya mjini ilikuwa imeyafuta.

"Na bora ya ng'ombe kuliko ngamia?" akamwuliza.

Molu akafikiri kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa jambo la ukoo. "Sijui," akasema. "Gawanya, tuone."

Waligawanya. Hawakuona tofauti. Lakini maziwa yaliyolala siku tatu yalishinda yale ya siku moja, kila mara, na kazi ya vibuyu ikawa ya Molu kuanzia hapo. Mvua zilipotengemaa alinunua ndama wawili na kuwapeleka Burat, ambako Adano alipata kipande cha kulima mahindi, na ilipofika mwaka 1987 walikuwa na ng'ombe wanne na kuku arobaini. Alipoulizwa na wazee wa kwao kuhusu hao arobaini, alisema ni wa mke wake.

Mungania alihamishwa mwaka uliofuata, akapelekwa kwao Meru kwa cheo kikubwa zaidi. Kabla ya kuondoka alimleta kwa Batula mwanafunzi wa chuo kikuu, binti aitwaye Mukami, aliyekuwa akiandika utafiti kuhusu maziwa lala ya wafugaji. Mukami alikaa siku mbili. Aliuliza maswali mengi, akajaza chupa nne kutoka vibuyu vinne, akaziweka kwenye chombo cha barafu na kuondoka nazo. Batula alidhani hatamsikia tena.

Barua ilikuja baada ya miezi saba. Kaltuma, ambaye sasa alikuwa ameolewa na kufundisha shule ya msingi, aliisoma uani, watoto wake wawili wakicheza karibu. Mukami alimshukuru mama kwa ukarimu wake. Alieleza kwamba ndani ya maziwa yake waliona bakteria wa namna nyingi, wote wa kutia uchachu, na kwamba alipowaweka bakteria hao pamoja na wale wa kuhara katika chombo kimoja cha kioo, wale wa kuhara walipungua. Alionya kwamba kioo si tumbo, na kwamba kazi bado ni nyingi. Kisha akaorodhesha majina yao ya kitaalamu.

Kaltuma aliyasoma kwa shida, yalikuwa ya Kilatini. Batula alimwomba arudie. Akajaribu kulitamka la kwanza, akakwama katikati, akacheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe wana majina," alisema. "Nami nimekaa nao miaka yote hii bila kuwauliza."

Alimwambia binti yake aiweke barua vizuri, kisha akainuka kwenda kubadilisha maji, maana ilikuwa inakaribia saa kumi.